Jina Jeusi katika Nyumba ya Wachina

“Usiguse hapo, Fidelia!”

Kefa kachelewa. Kitambaa kilikuwa tayari mkononi mwa Fidelia, vumbi lake likimwingia puani. Pale juu ya meza ya useremala palisimama kibao chembamba cha mninga, kimechomekwa kwenye kitako chake. Herufi tatu zilishuka moja chini ya nyingine, nyeusi ti.

E. M. A.

“Mungu wangu!” Shangazi Esteria alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. “Ema! Ema wa Kifanya! Si ndiye yule mchumba wako aliyefariki?”

Kefa alikitazama kibao. Alisimama na patasi yake mkononi, midomo imemkauka.

“Nauliza, kijana! Si ndiye?”

“Ndiye, Shangazi.”

“Na jina lake linafanya nini humu ndani, kati ya mizoga ya ndege na nguo za watu tusiowajua?”

Hapo nisimame kidogo niwaeleze, maana nimewaingiza ndani hata mlango hamjauona. Ilikuwa Julai ya mwaka hamsini na nne, wakati wa Mwingereza, na baridi ya Njombe ilikuwa ile inayokata masikio. Nyuma ya misheni palikuwa na nyumba ndefu ya matofali ambayo watu waliiita Nyumba ya Wachina, ingawa hakuna Mchina hata mmoja aliyewahi kuikanyaga. Mwenyewe alikuwa Bibi Dagmar, mjane wa daktari wa misheni. Alikaa Uchina miaka ishirini na nane, na wageni walipofukuzwa kule akaletwa huku na masanduku kumi na tisa. Aliyapanga yote yaliyokuwamo kwenye vyumba vitatu, watu waje watazame bure: sarafu na ramani za wafalme wa kale, vyombo vya udongo mweupe, picha za milima yenye ukungu iliyofanana na milima yetu mpaka ukaona aibu, vipepeo waliochomwa pini, ndege waliojazwa nyasi.

Watu walikuja mara moja. Mara ya pili hawakuja. Mle ndani madirisha yalifungwa mapazia mazito mchana kutwa, na ukiingia kutoka juani macho yalichukua muda kuzoea, na katika muda huo ndipo unapoliona gauni jekundu la bibi harusi limetundikwa kwenye mti, mikono imetanuliwa, ndani hamna mtu. Ukipita, upepo wako unaitikisa mikono yake. Mkabala nalo, ndani ya kabati la vioo, alikaa kakakuona. Na kakakuona, jamani, si mnyama wa mchezo kwetu. Akitokea kijijini wazee humwekea mbele nafaka, maji na silaha, wakaona atachagua nini, wajue mwaka unaleta njaa, mvua au vita. Huyu alikufa Uchina, akapigiliwa misumari kwenye ubao, na macho yake ya kioo yaliutazama mlango wa chumba cha useremala. Saa zote, mlango huo huo.

Ndani ya chumba hicho alifanya kazi Kefa, fundi wa Bibi, akirekebisha vilivyovunjika njiani. Kijana mpole, mikono mizuri, maneno machache. Fidelia alimpenda siku alipokuja Makambako kununua misumari na kunywa chai kwenye mgahawa wa Shangazi pale njia panda. Wamechumbiana mwaka mzima. Kanisani tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa, na la pili likasomwa. La tatu lilikuwa kesho, Jumapili.

Na jana, Ijumaa, dereva wa lori la magome ya miti ya miwati akamletea Fidelia karatasi iliyokunjwa mara nne:

“Fidelia, usije Njombe. Nitamwomba mchungaji asisome tangazo la tatu. Kosa si lako. Nisamehe, unisahau. Kefa.”

Usije? Alfajiri Fidelia alikuwa juu ya lori, katikati ya magunia ya pareto, Shangazi yake pembeni amejifunga mablanketi mawili na anatukana baridi. Ndiyo hivyo wakafika, wakapita gauni, wakapita kakakuona, na Fidelia akaenda moja kwa moja kwenye kitu pekee kilichofunikwa.

Basi turudi.

“Lisemwalo lipo,” Shangazi alikuwa akisema, kidole kikionyesha kibao. “Watu wa Njombe wananiambia, Esteria, yule kijana analala na vizuka. Nikawaona waongo! Kumbe anaandika majina ya watu, wanakufa! Fidelia, tutoke!”

“Shangazi, ngoja.”

“Ningoje nini? Na lako aandike? Kesho asiposimama yeye kanisani kuweka pingamizi, nitasimama mimi. Mbele ya usharika mzima!”

“Simama, Shangazi,” Kefa alisema taratibu. “Kama mchungaji angesoma, nilikuwa nisimame mwenyewe. Ukisimama wewe utakuwa umenisaidia.”

Shangazi aligeukia mlango. Alikokota mablanketi yake, akapita kwa ubavu mbele ya kakakuona kama apitaye kwa mdai, akatoka. Mlango ukajifunga. Gauni jekundu lilisikika likisuguana chumba cha pili, kisha likanyamaza.

Fidelia hakuondoka. Alikalia kigoda cha fundi.

“Sasa niambie.”

“Fidelia, lori linarudi saa nane. Nenda.”

“Umenitangaza kanisani mara mbili, Kefa. Kwetu Mdandu wameshanunua mbuzi. Baba ameshona koti. Huwezi kuniandikia mistari minne ukafikiri nimekwisha. Niambie.”

Kefa aliweka patasi chini.

“Umeviona vile vibao vyekundu na vyeusi chumba cha mbele, vimepangwa kama vitabu?”

“Nimeviona.”

“Nilipoanza kazi nilimuuliza Bibi ni nini. Akasema, ‘Ni vibao vya majina ya wapendwa wao, wasiwasahau.’ Hakusema zaidi. Nadhani aliogopa tutakwenda kufanya matambiko. Mimi nikasema, jambo zuri hili. Nilikuwa nimemchumbia Ema. Nikachonga cha kwangu. Nikamwomba Bibi ule unga mwekundu anaouweka kwenye kijungu, akanipa, akaniambia nyekundu kule ni rangi ya harusi. Nikaandika jina lake kwenda chini, kama wanavyoandika wao. Nyekundu ya kuwaka, Fidelia. Nikakiweka hapo dirishani.”

“Halafu?”

“Halafu nikarudi, nikakikuta kimekuwa cheusi. Siku hiyo hiyo, kabla sijavua viatu, mtu wa kijijini kwao Kifanya akagonga. Akasema Ema amefariki kwa homa.”

Nje ukungu ulikuwa unapanda. Mwanga kidogo uliingia kwenye ufa wa pazia, ukaanguka sakafuni.

“Nikamuuliza Bibi, jina jeusi maana yake nini. Akanitazama, akasema, ‘Ni la marehemu, Kefa. Vibao vile vyote ni vya marehemu.’ Unaelewa? Nilimwandika mtu mzima kwenye safu ya wafu. Wakaja wakamchukua. Mimi ndiye niliyewaonyesha jina.”

“Ukamwambia nani?”

“Sijamwambia mtu. Miaka miwili.”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” Fidelia alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. “Na langu? Jina langu liko wapi?”

Kefa alishtuka. “Lako halipo.”

“Kwa nini?”

“Umesikia nilichosema?”

“Nimesikia. Nimesikia kwamba Ema alichongewa mninga, akapakwa rangi ya harusi, akawekwa dirishani. Mimi mwaka mzima sijachongewa hata mwiko!”

“Fidelia! Ningeliandika ungekufa!”

“Au hunipendi kama ulivyompenda.”

“Hunijui!” Alipiga meza, misumari ikaruka. “Wiki iliyopita mkono wangu ulianza kuandika wenyewe. Nilikuwa natia alama kwenye ubao wa kabati, nikatazama, nimeandika F na I. Nimeuchoma ubao ule jikoni. Usiku sikulala. Ndipo nikaandika barua. Nakupenda mpaka nimeona afadhali uolewe na mtu mwingine ukiwa hai. Haya, umefurahi?”

Fidelia alifuta macho kwa ncha ya kanga. Alikuwa amefurahi, na alikuwa anaogopa. Kwa sababu kibao kile kilikuwa hapo, hatua moja kutoka kwenye goti lake, na jina la msichana aliyekufa lilikuwa linamtazama. Akahisi akinyoosha mkono kitamshika.

Akanyoosha.

“Usikishike!”

“Nimeshakishika.”

Kilikuwa baridi. Alikisogeza kwenye ule ufa wa mwanga, akakiinamia. Na hapa niwaambie: Fidelia tangu utoto alisuka vikapu. Milulu, majani ya kusukia, aliikata mwenyewe, akachemsha mizizi, akatia rangi, akaanika. Fundi wa rangi akiona rangi, hata kama anaogopa, vidole vyake vinauliza maswali yao.

“Hii haikupakwa juu yake rangi nyeusi,” alisema.

“Sijapaka mimi. Hakuna aliyepaka. Ndiyo nakwambia.”

“Nyamaza kidogo. Hii herufi ya mwisho uliishusha mno. Miguu yake imezama kwenye kitako.”

“Nilikosea kipimo.”

“Kichomoe.”

“Fidelia…”

“Kichomoe, Kefa, au nivute mimi nikivunje.”

Alikishika kwa mikono miwili. Mninga ulikuwa umebana. Ulilia, ukalia tena, ukatoka. Na miguu ya ile A, sehemu iliyokuwa imefichwa ndani ya kitako, ilikuwa nyekundu ya kuwaka kama siku iliyopakwa.

Wakatazamana.

“Jua,” Fidelia alinong'ona.

“Jua?”

“Jua halina adabu na rangi. Nyingine huifubaza, nyingine huiunguza. Mimi milulu yangu naianika kivulini, mama alinichapa mpaka nikajua. Ulikiweka wapi ulisema?”

“Dirishani. Hapo hapo.” Kefa alitazama dirisha, kisha pazia, kisha dirisha. “Nilifunua pazia. Bibi kila siku ananipigia kelele, ‘Pazia, Kefa, pazia!’, nikidhani ni kwa ajili ya hariri zake tu. Nilitaka… nilitaka Ema apate mwanga. Nyumba hii ina giza sana.”

“Na ulikiona lini mara ya mwisho kikiwa chekundu?”

Kefa aligeukia patasi yake.

“Kefa, ulisema ulirudi ukakikuta. Ulirudi kutoka wapi?”

“Manda. Nilitumwa kutengeneza madawati ya shule, kule ziwani.”

“Muda gani?”

“Wiki saba.”

“Wiki saba za jua la asubuhi! Kwa hiyo hakikugeuka siku ile. Kiligeuka polepole, kama milulu. Ila wewe ulikiona siku ile.”

Fidelia alitarajia atacheka, au atapumua. Badala yake Kefa aliinama, akaziba uso kwa viganja vyenye gundi.

“Aliumwa wiki tatu,” alisema kutoka ndani ya viganja. “Walinitumia barua Manda. ‘Ema ni mgonjwa, anakuulizia.’ Nikasema, nimalize madawati kumi yaliyobaki. Homa tu, nikasema. Alikuwa ananiulizia, Fidelia, mimi napiga randa.”

Fidelia akaelewa basi kwamba kibao si kitu. Miaka miwili mtu huyu alijificha nyuma ya kibao, maana kuogopa wafu wa Uchina kulikuwa kwepesi kuliko hilo. Wivu ukamtoka wote, ukabaki uchungu kwa ajili ya wote wawili, aliye hai na aliye Kifanya.

“Umewahi kwenda kaburini kwake?”

“Hapana.”

“Tutakwenda. Mimi na wewe. Utamwambia mwenyewe hayo uliyoniambia.”

“Fidelia, baada ya haya bado unataka…”

“Lete kile kijungu cha rangi.”

“Cha nini?”

“Lete!”

Kefa alileta. Fidelia alichukua kipande cha mninga kilichokuwa mezani, akachovya brashi, akaandika mwenyewe, herufi kubwa za darasa la nne, kwenda chini: F, I, D… Kila herufi Kefa alifumba macho. Alipomaliza aligeuza ubao, akampa brashi.

“Huku nyuma andika lako. Kama ni kuitwa, tuitwe wote.”

“Hamkukosea sana,” sauti ilisema mlangoni.

Wote wawili waliruka. Alikuwa Bibi Dagmar, mrefu, mweupe, shali mabegani, ametoka katikati ya giza la ndege zake bila kusikika. Sijui alisimama pale muda gani.

“Kosa lilikuwa langu, Kefa. Nilikueleza nusu. Kule mume akifa kwanza, huchonga majina mawili kwenye jiwe moja. La marehemu hutiwa nyeusi. La mke hutiwa nyekundu, maana yake huyu bado yu hai, ameahidi kuja kulala hapa.” Alivuta shali. “La kwangu lipo huko kwenye jiwe la mume wangu. Jekundu. Hawataniruhusu kurudi tena. Mahali fulani Uchina jina langu limesimama kwenye mvua, linanisubiri, na hakuna atakayelitia nyeusi. Usiku mwingine naota linaniita.”

Kefa alisema, “Pole sana, Bibi.” Fidelia alijifunika kanga mabegani.

“Andika jina lako,” Bibi alimwambia Kefa. “Halafu kiweke kwenye mtoto wa meza. Gizani.”

Kefa akaandika.

Jumapili kanisa lilijaa, pumzi za watu zikionekana kwa baridi. Mchungaji alifungua daftari.

“Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kefa wa hapa Njombe, na Fidelia binti Methusela wa Mdandu. Mwenye pingamizi aseme sasa.”

Benchi la tatu liliguna. Shangazi Esteria alisimama, mablanketi mawili na kofia.

Fidelia aliona giza. Jana baada ya mambo yote alimkuta Shangazi nyuma ya nyumba, amekaa juu ya magogo anaota jua, na mama yule hakusema neno mpaka walipolala. Kefa alikuwa amekauka kama ndege wa Bibi. Vichwa vyote viligeuka, maana Nyumba ya Wachina ilikuwa midomoni mwa watu wote na kila mmoja alitaka isemwe mahali penye heshima.

“Sema, mama,” mchungaji alihimiza.

“Nilikuja na pingamizi,” Shangazi alisema. “Nililibeba toka jana. Lakini jana nilikaa chini ya dirisha la chumba cha fundi, na magogo ya misheni hayazibi masikio. Nimesikia mwanamume analia kwa kosa lake halisi, wala hakumsingizia shetani. Mimi nina miaka hamsini na sita, mchungaji, na kiumbe hicho sijakiona. Sina pingamizi. Endelea, watu wana baridi.”

Mchungaji aliendelea. Fidelia hakusikia tena hata zaburi iliyosomwa.

Kifanya walikwenda Alhamisi, kwa miguu, Kefa amebeba kibao cha Ema kifuani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kaburi walilipata kwa kuuliza. Kefa alipiga magoti.

“Kamwene, Ema,” alisalimia, kisha akasema yote: barua, Manda, madawati kumi. Alisema kwa Kibena, polepole, na Fidelia alisimama pembeni bila kumharakisha. Kefa alichimba udongo kwa mkono, akakizika kibao kikiwa kimesimama. Walipoinuka, nyuma yao kwenye ukungu nyayo zilipita kwenye majani makavu, nyepesi, za mtu asiye na haraka. Waligeuka. Hapakuwa na mtu.

“Umesikia?” Kefa aliuliza.

“Nimesikia. Twende.”

Walifunga ndoa wiki iliyofuata. Mbuzi wa Mdandu aliliwa, koti la Methusela lilionekana na kila mtu. Kabla ya kwenda kula, maharusi walipita kumsalimia Bibi, Shangazi nyuma yao kama askari. Bibi alitangulia na ufunguo shingoni. Chumba cha pili alisimama ghafla.

“Kefa. Ulifungua kabati hili?”

“Bibi, ufunguo unao wewe.”

Kakakuona alikuwa amegeuka. Miaka minne alitazama mlango wa chumba cha useremala. Sasa aliupa mgongo, akitazama mlango wa nje. Vumbi lililouzunguka ubao wake lilikuwa halijaguswa.

“Nani kamgeuza?” Bibi aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu mzee.

Shangazi alikohoa.

“Mnyama huyo haulizwi. Alikuwa anamtazama mtu mle chumbani. Mtu ameondoka, naye amegeuka. Twendeni, ubwabwa unapoa.”

Lakini Kefa alikuwa ameshakimbilia chumba cha useremala. Alifunua dirisha apate mwanga, akavuta mtoto wa meza kwa nguvu mpaka ukamtokea mkononi. Fidelia alimkuta ameshika ubao, anaugeuza mbele na nyuma, mbele na nyuma, jua la asubuhi likiwaangukia wote watatu, yeye, mkewe na ule ubao.

“Mwekundu?” Fidelia aliuliza.

“Mwekundu. Majina yote mawili.”

Fidelia aliutoa mkononi mwake, akaurudisha gizani, akasukuma mtoto wa meza mpaka ukagota.

“Pazia, mume wangu,” alisema. “Pazia.”